Je, Wajua? Jalada lililotangulia tukio

Je, wajua kwamba albamu moja ya hip hop ilitengenezewa jalada lenye minara pacha ya New York ikilipuka, miezi kadhaa kabla ya minara hiyo kuangushwa na mashambulizi ya Septemba 11, 2001?

Albamu hiyo ni Party Music ya The Coup, kundi la Oakland, California, lililoongozwa na Boots Riley, msanii asiyeficha kwamba yeye ni mkomunisti. Ilitolewa na 75 Ark, lebo ndogo ya kujitegemea.

Katika picha ya jalada hilo, Riley ameshika kidude kinachofanana na kitufe cha kulipulia bomu. Ukikitazama vizuri, ni kifaa cha kulinganishia sauti za nyuzi za gitaa. Mwenzake, DJ Pam the Funkstress, ameshika vijiti viwili vya kuongozea okestra. Ujumbe wao ulikuwa kwamba silaha ya kuangusha ubepari ni muziki.

Mashambulizi yalipotokea, albamu ilikuwa haijaingia sokoni. Picha ikaondolewa upesi, na albamu ikatoka Novemba 2001 ikiwa na jalada jipya: mkono ulioshika glasi ya kokteli inayowaka moto.

Mashairi ya albamu hiyo yanawachachafya matajiri wanaonyonya wafanyakazi, lakini si hasira tupu. Katika wimbo “Wear Clean Draws”, Riley anampa binti yake nasaha za maisha.

Riley aliipeleka mada ya wafanyakazi nje ya muziki pia: mwaka 2018 aliibuka na filamu yake ya kwanza kama mwongozaji, Sorry to Bother You, inayohusu wauzaji wa bidhaa kwa simu wanaogoma kazini, huko huko Oakland.