Sahani ya Moto Siku ya Masika

Watu waliokwenda kuishi katika nchi za theluji husimulia jambo ambalo sisi wa pwani hulisikiliza kama hadithi. Wanasema ukisafiri kutwa nzima, nje kote kweupe na vidole vimekufa ganzi, kisha ukaingia kwenye mkahawa mdogo wa njiani na kuwekewa bakuli la supu inayofuka moshi, unajiona kama mtu aliyerudishiwa uhai.

Kwetu theluji iko kileleni Kilimanjaro, na wengi wetu tumeiona kwa mbali au kwenye picha tu. Pwani ya Kilwa na Lindi haijui baridi ya namna hiyo. Lakini mama aliyewahi kusafiri na watoto wakati wa masika, nguo zimelowa na upepo unapuliza dirishani, anajua kwamba mwili uliolowa hutetemeka hata pwani. Naye anajua thamani ya sahani ya moto.

TULIONDOKA TUMENUNIANA

Ilikuwa Aprili 2005. Habari zilitufikia Dar es Salaam kwamba mama mkwe anaumwa huko Lindi na hali yake si nzuri. Baba watoto akasema twende wote, pamoja na watoto watatu, ili Bibi awaone wajukuu wake. Sisi tuliona ni afadhali aende peke yake, maana mtoto wetu wa kwanza alikuwa sekondari na fedha zilizokuwapo zilikuwa za ada yake. Katika kubishana tukasema maneno ambayo hayapasi kusemwa wakati mzazi wa mtu yu kitandani.

Mwishowe tulikwenda wote, lakini tulipanda basi alfajiri bila kusemezana. Ili kubana matumizi tulifunga chakula cha njiani: chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Fedha ya ada iliyobaki tuliifunga kwenye pindo la kanga, na mkono haukuacha kuipapasa.

Watoto walifurahi kuvuka Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji. Daraja hilo, lenye urefu wa karibu kilometa moja, lilifunguliwa mwaka 2003 na kuwaondolea wasafiri adha ya kungoja kivuko. Lakini ng'ambo yake kilibaki kipande cha kilometa 60, kutoka Ndundu hadi Somanga, ambacho siku hizo kilikuwa bado udongo mtupu. Waliosafiri kwenda Kusini miaka ile hawahitaji kuelezwa udongo huo ulivyokuwa wakati wa mvua.

Saa tano basi likazama. Abiria wote tukateremshwa. Wanaume wakakata matawi na kuyalaza mbele ya magurudumu, wakasukuma, wakaanguka, wakasukuma tena. Sisi akina mama tulisimama pembeni na watoto, kanga kichwani, viatu mkononi. Katika purukushani hiyo kikapu cha chakula kikapinduka, chapati zikaingia matopeni na chupa ya chai ikavunjika.

Ilipita zaidi ya saa tatu kabla basi halijatoka. Tulirudi vitini tumelowa chapachapa. Dirisha letu halikuwa na kioo, lilizibwa kwa nailoni iliyopasuka, na kila basi lilipoongeza mwendo upepo ulitupiga moja kwa moja. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka minne, akaanza kutetemeka mpaka meno yakagongana. Tulimgusa mikono, ilikuwa ya baridi. Baadaye hakutetemeka sana, ila alinyamaza na kulegea, na hilo ndilo lililotutia hofu zaidi.

NANGURUKURU, SAA KUMI ALASIRI

Basi likafika Nangurukuru, pale njia ya kwenda Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko inapoachana na barabara ya Lindi. Konda akapaza sauti, "Nusu saa, chakula!" Watu wakashuka. Sisi tulibaki tumekaa, vidole viko kwenye pindo la kanga.

"Tununue mkate tu," tukasema. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia baba watoto tangu asubuhi.

Hakujibu. Alimtazama mtoto, akambeba, akashuka naye. Tukawafuata.

Mgahawa wenyewe ulikuwa banda la bati lenye meza mbili ndefu na mabenchi, na jikoni kwa nyuma. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, kajifunga kanga kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Poleni na safari. Huyu mtoto ana nini?"

Hakungoja jibu. Alimchukua mtoto, akampeleka jikoni, akamvua nguo zilizolowa. Nguo zetu nyingine zilikuwa juu ya basi, nazo zimelowa, basi akamfunga kanga yake mwenyewe na kumkalisha karibu na moto. Akammiminia chai ya tangawizi, akaipooza kwa kuimimina kutoka kikombe hadi kikombe, akamnywesha kidogo kidogo. Mpaka hapo hakuwa ameuliza tutakula nini wala kama tuna fedha. Kikombe cha pili kilipokwisha mtoto akasema, "Mama, nasikia njaa." Machozi yalitutoka.

Ndipo chakula kikaja: wali wa nazi, mchuzi wa samaki wenye ndimu na pilipili kwa mbali, na mbaazi zilizoiva katika tui. Tuliinamisha vichwa kushukuru. Yule mama, ambaye ni Mwislamu kama wengi wa pwani ile, alisimama akangoja na upawa mkononi hadi tukasema amina.

Kama ilivyo mazoea yetu, tukavuta sahani zote tuanze kuwagawia watoto, kisha baba yao, kisha kitakachobaki kiwe chetu. Yule mama akatushika mkono. Sahani ya kwanza akaiweka mbele yetu.

"Mama aanze," alisema. "Watoto hawa nitawapakulia mimi. Wewe leo umebeba watu kutwa nzima."

Tangu tuolewe hatukukumbuka lini tulikula chakula kingali cha moto, tumekaa, na mtu mwingine anapakua. Tonge la kwanza lilishuka likapasha moto kifua chote. Baba watoto alikuwa anatutazama. Akachambua mnofu wa samaki, akautoa miiba, akauweka ukingoni mwa sahani yetu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama yangu akiwaona hawa atakula."

Tukamjibu, "Mungu akipenda atakula." Ugomvi ukaishia hapo. Fundo la kanga tukalifungua wenyewe tukalipa. Yule mama alikataa fedha ya chai ya mtoto.

Tuliingia Lindi usiku. Asubuhi yake mama mkwe, ambaye kwa siku kadhaa alikuwa anakataa chakula, alikunywa uji kutoka mkononi mwa kitinda mimba wetu, kijiko kwa kijiko, huku wanacheka wote wawili. Alifariki mwezi wa nane mwaka huo huo. Ada ya shule tuliikopa kwenye mchezo wa upatu, tukailipa polepole. Asubuhi ile ya uji tusingeipata kwa mkopo.

UKARIMU WA ZAMANI

Ukarimu huo haukuanza jana katika pwani ile. Mwaka 1331 msafiri mashuhuri kutoka Moroko, Ibn Battuta, alifika Kilwa Kisiwani, mji ambao magofu yake yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Katika habari za safari yake alitaja kwamba Kilwa kuna mvua nyingi. Alisimulia pia kuhusu Sultani wa siku hizo, al-Hasan bin Sulaiman, kwamba alikuwa mnyenyekevu, akiketi na mafukara na kula pamoja nao. Tangu hapo imepita karibu miaka mia saba, na bado mvua ni ile ile, na mgeni aliyelowa bado hukaribishwa motoni. Wahenga hawakukosea waliposema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hata upishi wenyewe una subira ndani yake. Nazi hukunwa kwa mbuzi na kukamuliwa mara mbili au tatu. Tui la kwanza, lililo zito, huwekwa kando. Wali huanza kupikwa kwa tui jepesi, na lile zito hutiwa karibu na mwisho. Kisha sufuria hufunikwa na makaa kuwekwa juu ya mfuniko, wali ukauke kwa moto wa juu na wa chini. Ndiyo maana hukaa na joto muda mrefu.

MAMA ANAYESAFIRI AZINGATIE HAYA

1. Unapopanga nauli, panga na fungu la chakula cha moto, hasa wakati wa mvua. Si anasa. Mtoto aliyelowa na mwenye njaa hupoteza joto la mwili upesi.

2. Weka nguo kavu za kila mtoto ndani ya mfuko wa nailoni, nawe ukae nao kitini. Mvue kwanza nguo zilizolowa, umkaushe, ndipo umpe kitu cha moto.

3. Mtoto akiacha kutetemeka lakini akalegea, akachanganyikiwa au akasinzia isivyo kawaida, hiyo ni hatari. Usiishie kwenye chai; tafuta zahanati au hospitali ya karibu.

4. Chagua mgahawa wenye wateja wengi, maana chakula chake hakikai. Agiza kinachotoka jikoni kikifuka moshi. Wali uliokaa vuguvugu kwa saa nyingi unaweza kudhuru tumbo, hata ukipashwa tena.

5. Wakati wa masika magonjwa ya kuhara huongezeka. Naweni mikono kwa sabuni, mnywe chai au maji yaliyochemshwa, na kachumbari muiache kwa siku nyingine.

6. Mwambie konda mapema kwamba una watoto, na waagizie wao kwanza. Nawe ukae ule. Usisimame mlangoni na kipande cha mkate.

SIKU HIZI

Barabara ile sasa ni ya lami, na kipande cha Ndundu hadi Somanga watoto wa leo hukipita wamelala. Hata hivyo, Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilibomoa barabara katika wilaya ya Kilwa, na wasafiri wakakwama tena kama zamani. Kwa hiyo mfuko wa nguo kavu haujapitwa na wakati.

Nasi kila tulipopita Nangurukuru miaka iliyofuata tulishuka kumwamkia yule mama, hata tukiwa tumeshiba. Nyumbani kwetu ilibaki desturi moja. Siku ya mvua kubwa baba watoto huingia jikoni, hupakua yeye, na sahani ya kwanza huiweka mbele ya mama.

Je, msomaji, kwako sahani ya kwanza huwekwa mbele ya nani?