Tope la Mikoko Mombasa na Kemia ya Mashamba ya Michikichi

Dari za nyumba kongwe za Mji wa Kale, Mombasa, zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliomwamulia fundi upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vingi humo ni virefu na vyembamba. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya mti huo na majahazi yaliyoupeleka Arabuni, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuuzwa kwake nje mwaka 1982. Machache yamenenwa juu ya tope linaloushikilia, ilhali hazina kubwa imo humo.

Hori la Tudor hupita mbele ya Mji wa Kale na kukizunguka kisiwa upande wa kaskazini. Ndani yake huota mkoko, mchu, mlilana na mkandaa. Majani na mizizi ikifa huzama topeni, na tope lililojaa maji halipitishi hewa. Vijidudu vya kuozesha vinavyotegemea oksijeni hushindwa kazi, mabaki yakalundikana karne baada ya karne, na kaboni yake ikabaki humo.

Vijidudu vya aina nyingine hutumia salfeti ya maji ya bahari badala ya oksijeni, na kutoa haidrojeni salfaidi. Hiyo ndiyo harufu ya mayai viza inayompokea mtu maji yanapokupwa. Wengi huidhania kuwa uchafu wa mji. Na wakati mwingine, haina budi kukiriwa, ni uchafu kweli, kwani maji taka hutiririkia horini. Sehemu ya salfaidi huungana na chuma kilichomo topeni, yakapatikana madini ya pairaiti. Maadamu tope limefunikwa na maji, pairaiti hulala. Likichimbuliwa au kukaushwa, oksijeni huingia na asidi ya salfuri huzaliwa. Kipimo cha pH kilichokaribia 7 chaweza kushuka chini ya 4, na alumini ikafunguka udongoni, ikadhuru mizizi na samaki. Mombasa ina nafuu kidogo, kwa kuwa kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na chokaa yake hupunguza makali ya asidi. Ila chokaa haiizuii kaboni: hewa ikiisha kuifikia, huoza na kupaa ikiwa hewa ukaa.

Mambo hayo hayo huonekana kwa ukubwa zaidi Indonesia na Malaysia, ambako michikichi mingi imepandwa juu ya piti, yaani udongo wa mabaki ya mimea yasiyooza kwa kuzama majini. Kuuita udongo huo mboji kungepotosha, kwani mboji ni mabaki yaliyokwisha kuoza yakairutubisha ardhi. Piti hulishwa na mvua isiyo na chumvi. pH yake huwa kati ya 3 na 4, na shaba na zinki ni haba. Mchikichi haustahimili mizizi yake kuzama majini daima. Kwa hiyo mkulima huchimba mifereji, akashusha maji nusu mita au zaidi, kisha akatia mbolea. Hewa huingia, piti huoza, na ardhi hudidimia takribani sentimita 5 kila mwaka. Karibu na pwani, piti mara nyingi imelalia tope la kale la mikoko; mifereji ikifika huko, pairaiti huamka.

Mchikichi wenyewe ni mti wa Afrika. Katika bonde la Kongo, watafiti walitangaza mwaka 2017 kuwapo kwa piti ya kilomita za mraba zipatazo 145,500, yenye kaboni ya takribani tani bilioni 30. Sehemu kubwa yake haijachimbwa mifereji.

Kusini mwa Mombasa, huko Gazi katika Kaunti ya Kwale, wanakijiji wamekuwa wakiuza kaboni ya mikoko yao tangu mwaka 2013 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na fedha hizo zimeleta maji na kusaidia shule. Mikoko wanayoilinda ni ya hekta 117.