Minyoo Si Aibu ya Nyumba Moja



Tukimaliza mikutano ya vikundi huku Kericho na Bomet, mara nyingi mama mmoja hubaki nyuma na kutuuliza kwa sauti ya chini: "Mtoto wangu alipewa dawa ya minyoo shuleni. Mbona wamerudi? Ama nyumba yangu ni chafu?" Anaona haya kuuliza mbele ya wenzake. Leo tumeonelea tumjibu mbele ya wote, kwa maana hayuko peke yake.

Kwanza tuangalie hesabu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana minyoo wanaoenea kwa njia ya udongo. Hiyo ni karibu mtu 1 kati ya 5 duniani. Hapa Kenya, serikali ilipoanza mwaka 2012 mpango wa dawa mashuleni, wataalamu walipima choo cha watoto katika Magharibi, Nyanza, Bonde la Ufa na Pwani. Karibu mtoto 1 kati ya 3 alikuwa na minyoo. Walipopima tena mwaka 2015, ilikuwa karibu mtoto 1 kati ya 6. Basi dawa inafanya kazi, lakini peke yake haimalizi.

Kwa nini? Hebu tumfuate mnyoo mwenyewe. Huku kwetu kwenye chai anayejulikana zaidi ni yule mkubwa, mviringo, anayeweza kufika urefu wa sentimita 30. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 200,000 kwa siku. Mayai hayo hutoka na choo, na yakianguka chini hukaa wiki 2 au 3 ndipo yawe tayari kumwambukiza mtu. Yanapenda udongo wenye unyevu na kivuli, na sisi mvua tunayo karibu mwaka mzima. Katika udongo kama huo yanaweza kuishi miaka.

Mtoto akicheza chini kisha ale bila kunawa, ameyameza. Hali kadhalika anayekula mboga mbichi isiyooshwa vizuri. Miezi 2 au 3 baadaye mnyoo amekomaa, naye anataga. Dawa inaua minyoo walio tumboni. Mayai yaliyo uani haiyagusi. Ndiyo sababu mahali ambapo watu hutumia dawa tu bila kutengeneza vyoo, minyoo hawa wanaweza kurudi karibu kama mwanzo kwa mwaka mmoja.

Kuna jambo lingine. Minyoo hawagawanyiki sawasawa. Watu wengi huwa na wachache na hawasikii chochote. Wachache huwa na wengi sana, na hao ndio wanaoumia: mtoto anakonda, hakui vizuri, hata utumbo unaweza kuziba na kuhatarisha maisha. Kwa hiyo yule jirani mzima asiyelalamika anaweza kuwa ndiye anayemwaga mayai yanayomwangusha mtoto wako.

Kule Kwale, kati ya mwaka 2015 na 2017, watafiti walilinganisha vijiji ambavyo watoto peke yao walipewa dawa na vile ambavyo watu wote walipewa, wakubwa kwa wadogo. Minyoo wa safura, wale wanaopenya ngozi ya miguu na kunyonya damu, walipungua zaidi pale ambapo kila mtu alimeza. Hilo ni funzo hata kwetu: tusiwaachie watoto wa shule mzigo wa kijiji kizima.

Basi kikundi kifanye nini?

1. Hesabuni nyumba zisizo na choo, bila kumcheka mtu. Pesa za mzunguko zikifika, anzeni kuchimba kwa mjane au mzee asiyejiweza. Shimo lake linawalinda nyote.

2. Wachuma chai wasijisaidie katikati ya majani chai. Mwenye shamba aweke choo karibu.

3. Choo cha mtoto mchanga kitupwe chooni. Wengi husema hakina madhara. Sivyo.

4. Wekeni kibuyu cha maji na sabuni kando ya choo. Osheni mboga na matunda kwa maji safi. Msitie mavi ya binadamu kwenye sukuma wiki.

5. Ulizeni zahanati kuhusu dawa kwa watu wazima na watoto ambao hawajaanza shule. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 2 hupewa kipimo kidogo, na mama mwenye mimba ya miezi 3 ya kwanza asimeze.

Mama uliyetuuliza, nyumba yako haina kosa. Udongo ni wetu sote, watoto wanacheza pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkikutana tena, lisemeni jambo hili kwa sauti.