Mkono Hauazimwi: Mwendo na Shabaha katika Gemu za Bunduki Mwambao wa Bagamoyo

Mtu akitaka kuandika mila na desturi za watu wa Mrima, kuanzia Kunduchi na Bunju, kupita Mapinga na Kerege, hadi Bagamoyo mjini, huanzia panapojulikana: jando na unyago, ngoma za Wazaramo, Wakwere na Wadoe, maulidi, uvuvi wa ngalawa, bao la barazani. Vijana walioinamia skrini hawamo humo, na wakitajwa hutajwa kama watu walioipa mila kisogo. Nashikilia kwamba hao nao wana desturi yao, yenye mafundi na wanagenzi, yenye adabu zake na mambo yanayotia aibu, na kwamba kiini chake si bunduki inayoonekana kwenye kioo. Kiini ni mkono unaoielekeza na mwendo wa mwili usioonekana. Ufundi huo haukai katika mashine wala katika namba. Unakaa kwa watu, na hupokezanwa baina yao.

Tuanze na jambo ambalo mgeni wa michezo hii hulipita bila kuliona: wepesi wa kipanya. Katika gemu zinazotazamwa kwa jicho la mpiganaji mwenyewe, kipanya ndicho kinachogeuza shingo na mabega yake. Ukikisogeza, mpiganaji anageuka. Anageuka kiasi gani, hilo huamuliwa na mpangilio anaouweka mchezaji. Wachezaji wa kompyuta hawatosheki na namba iliyoandikwa ndani ya gemu, kwa kuwa kila gemu ina kipimo chake. Hupima kwa rula: kipanya kisafiri sentimita ngapi mezani ili mpiganaji azunguke nyuzi 360 kamili. Katika Counter-Strike, wepesi ukiwekwa 1, kila hatua moja inayohesabiwa na kipanya humgeuza mpiganaji nyuzi 0.022. Kipanya kinachohesabu hatua 800 kwa inchi kitamgeuza basi nyuzi 17.6 kwa kila inchi, na duara zima litadai sentimita 52 hivi. Wachezaji wengi wa kulipwa wa gemu hiyo hawako mbali na hapo, na mtu aliyezoea kipanya cha ofisini huona kana kwamba hakiendi kabisa.

Wanaouchagua uzito huo wana sababu ya kimwili. Kifundo cha mkono kina nafasi fupi ya kwenda, na mtetemo wake mdogo hukuzwa na wepesi mkubwa mpaka shabaha iruke kichwa cha adui. Kiwiko na bega vina safari ndefu na utulivu zaidi, kwa hiyo mchezaji huviachia mageuzi makubwa, na kifundo kikabaki na kazi ya kusahihisha kidogo mwishoni. Lakini uzito huo unadai meza. Kijana aliyebanwa kati ya wenzake wawili kwenye meza ya kuchangia hawezi kuufuata mpangilio wa bingwa wa Ulaya hata akiujua kwa moyo, maana kiwiko chake kitaishia mbavuni mwa jirani. Ataongeza wepesi, atafundisha kifundo kazi ya bega, na baada ya miezi mkono wake utakuwa mwingine kabisa. Upana wa meza, idadi ya watu chumbani na zamu ya kukaa vimeshaingia katika misuli yake, na hapo jambo linaloonekana kuwa la mtu binafsi kuliko yote limeshakuwa la jamii.

Mwambao huu, hata hivyo, kompyuta ya kuchezea ni chache na simu ndiyo uwanja. Free Fire iliingia sokoni mwaka 2017, PUBG Mobile mwaka 2018 na Call of Duty: Mobile mwaka 2019, na pamoja nazo kipanya kikabadilika kuwa kidole gumba. Wepesi haukupungua umuhimu, uliongezeka matawi. Katika PUBG Mobile mchezaji hupanga wepesi wa kutazama, wepesi wa kulenga na wepesi wa kufyatua, na kila darubini ya bunduki ina namba yake. Anaweza pia kulenga kwa kuinamisha simu yenyewe, kihisio cha ndani kikipokea mwinamo na kugeuza macho ya mpiganaji. Wapo wanaocheza kwa vidole gumba viwili, na wapo wanaokunja vidole vya shahada juu ya ukingo wa simu ili vinne vifanye kazi kwa pamoja: kimoja kinatembea, kimoja kinageuza, kimoja kinafyatua, kimoja kinaruka. Joto la pwani nalo lina neno lake. Jasho likitanda juu ya kioo, mguso husomwa vibaya, kidole hukwama katikati ya mageuzi. Ndiyo maana wachezaji hufuta kioo kila baada ya mchezo, na wenye kujiweza huvaa vifuko vyembamba vya kitambaa vidoleni.

Hapa kuna pingamizi linalostahili kujibiwa mapema. Mipangilio hii, atasema mtu, husambazwa kwa msimbo: bingwa anatoa msimbo wake, wewe unauingiza, na simu yako inakuwa kama yake. Desturi iko wapi katika jambo linalohamishwa kwa kubandika tarakimu? Jibu ni kwamba msimbo huhamisha namba tu. Namba ile ilizaliwa na urefu wa vidole vya mwenyewe, ukubwa wa kioo chake, kasi ya simu yake na saa alizokwisha kucheza. Kijana anayebadilisha wepesi kila anaposhindwa hubaki mgeni daima, kwa sababu kumbukumbu ya misuli hujengwa juu ya kitu kisichobadilika. Kinachomponya ni mtu wa pembeni anayemwambia: hukukosea namba, uligeuka kabla hujasimama, au, unavuta kidole mpaka mwisho wa kioo, kinyanyue uanze upya. Maneno hayo hayaandikiki katika msimbo. Yanataka jicho la pili lililo karibu.

Pwani hii inalijua jicho hilo vizuri. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kanuni zake zinaweza kuelezwa kwa kikao kimoja, lakini hakuna aliyepata kuwa bingwa kwa kuelezwa kanuni. Watazamaji wanaozunguka ubao ndio chuo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni TaSUBa, kiliweka ngoma darasani, nako mkono wa mpigaji hufundishwa kwa kutazamwa na kurekebishwa na mkono uliotangulia. Kibanda cha gemu nacho, ambako aghalabu mpira wa PlayStation ndio unaotawala na bunduki hupata zamu chache, kina benchi la wanaosubiri. Benchi hilo ndilo linalofanya kazi ninayoizungumzia. Anayesubiri anatazama, anakosoa, anacheka kosa, anataja jina la aliyewahi kulifanya vizuri zaidi. Akipata zamu yake, ameshajifunza nusu ya somo bila kugusa kitu.

Tuje kwenye mwendo, maana huko ndiko hoja inakopata nguvu. Mtazamaji asiyecheza hudhani ushindi ni wa mwenye kufyatua haraka. Katika Counter-Strike mwenye kufyatua huku anakimbia hukosa, kwani risasi hutawanyika mwili ukiwa katika mwendo. Mchezaji aliyekuwa akienda kushoto hubonyeza kulia kwa mpigo mmoja mfupi ili mwili ukatike pale pale, ndipo afyatue, kisha aende tena. Hatua, mkato, risasi, hatua. Kusimama kwenyewe ni ufundi, na mdundo wake ukipotea kwa sehemu ndogo ya sekunde risasi inapita hewani. Quake ya mwaka 1996 ilikuwa na jambo la ajabu zaidi. Hesabu zake za kuongeza kasi ziliacha upenyo: mchezaji akiruka mfululizo huku akigeuza kipanya taratibu upande ule ule anaoelekea, kasi yake ilizidi kikomo kilichokusudiwa. Haikuwa kanuni ya mchezo. Wachezaji waliigundua wenyewe na kufundishana. Half-Life ya mwaka 1998 ilijengwa juu ya msingi wa Quake, Counter-Strike ikazaliwa ndani ya Half-Life, na upenyo ukarithiwa pamoja na nyumba.

Kilichofuata ndicho ushahidi ninaouthamini kuliko wote. Watu walitengeneza viwanja ambamo hakuna adui wala risasi: mchezaji anateleza juu ya kuta zilizoinama, au anaruka kutoka nguzo hadi nguzo, akishindana na saa. Quake III Arena ya mwaka 1999 ilipata jamii nzima ya wakimbiaji wa namna hii, na vile vya Counter-Strike vikadumu kwa miaka mingi. Bunduki ikiondolewa, mchezo unabaki. Ukiondoa mkono na mwendo, habaki mchezaji hata mmoja. Kama vita ndivyo vingekuwa roho ya jambo hili, viwanja hivyo vingekufa siku ya kwanza.

Mazingira ya hapa yameongeza kanuni yake. Nyaya za baharini kama SEACOM, iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009, zilituunganisha na dunia, lakini hakuna waya unaofuta umbali. Nuru ndani ya waya wa kioo hutumia takriban milisekunde 10 kwenda na kurudi kwa kila kilomita 1,000. Seva iliyo umbali wa kilomita 8,000 inachelewesha milisekunde 80 hata mtandao ukiwa safi, na jicho la binadamu lenyewe huhitaji milisekunde 200 hivi kuitikia linachokiona. Ucheleweshaji huo humpendelea anayejitokeza kwenye kona kuliko aliyejibanza akisubiri: anayejitokeza anamwona mwenzake kabla picha yake mwenyewe haijafika upande wa pili. Kwa hiyo mchezaji wa mbali na seva ana sababu nzito ya kujifunza mwendo kuliko kujificha. Kinachoitwa na wazee papara kina mantiki yake.

Bado yapo mapingamizi mawili, la ugeni na la damu, na yote mawili pwani ilikwisha kuyasikia. Mnamo miaka ya 1890 ilizuka Lamu na Mombasa ngoma iliyoitwa beni, ikashuka hadi Dar es Salaam na kwingineko katika ardhi ya Wajerumani. Ilichukua gwaride la kijeshi la Wazungu, tarumbeta, sare na vyeo vyake, na kuligeuza kuwa mashindano ya vyama. Wanachama wa Marini na Arinoti walishindana kwa hatua zilizonyooka, kwa mavazi, kwa mpangilio wa mistari na kwa majina makubwa ya wakubwa wao. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Ilikuwa ngeni kwa vyombo, na ilikuwa ya kivita kwa umbo. Na mji ule ule wa Bagamoyo ulikuwa umeona askari wa kweli wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani miaka ya 1888 na 1889. Hata hivyo, leo hakuna mwandishi wa mila za pwani anayethubutu kuiacha beni nje. Kilichoifanya kuwa ya hapa ni watu wa hapa kuamua nani ana hatua nzuri, na kuwa na maneno ya kusema kwa nini.

Sisemi kwamba picha ya damu ni kitu bure. Nyingi za gemu hizi zimewekewa Ulaya umri wa miaka 16 au 18, na mtoto wa miaka 10 hana kazi nazo. Mzazi anayemkataza yuko sahihi. Ila dai kwamba zinazaa watu wakali halijasimama vizuri. Andrew Przybylski na Netta Weinstein walichapisha mwaka 2019 utafiti wa vijana zaidi ya 1,000 wa Uingereza wenye miaka 14 na 15, na hawakupata uhusiano kati ya muda wa gemu za ukatili na ukali wa tabia ulioripotiwa na wazazi. Hasara iliyo wazi zaidi ni ya fedha na muda: bando linaloisha, masomo yanayoachwa, na dau linalowekwa kwenye mchezo. Dau ndilo ninalolichukia, kwa sababu linaharibu benchi. Mwenye fedha mezani hamfundishi mpinzani wake.

Pengo kubwa zaidi la desturi hii ni la wasichana. Beni ilikuwa hasa ya wanaume, lakini wanawake wa Mombasa walijenga vyama vya ngoma ya lelemama vyenye vyeo na ushindani wa namna hiyo hiyo, kama mwanahistoria Margaret Strobel alivyoonyesha mwaka 1979. Kibanda cha gemu kina mlango ambao msichana wa Bagamoyo akiuingia husemwa mtaani. Simu imempa njia ya kuuepuka: anaweza kucheza akiwa nyumbani, kwa jina asilojulikana nalo. Wepesi ataupanga, msimbo ataupata, kuruka na kukata hatua atajaribu peke yake usiku. Asichokipata ni yule wa pembeni wa kumwambia kwamba aligeuka kabla hajasimama, na hilo hakuna namba inayoweza kumlipa.