Herufi Nzito Zilizobanwa katika Matangazo ya Umma: Mfano wa Fonti ya Impact

Makala haya yanachunguza fonti ya Impact kama kielelezo cha herufi nzito zilizobanwa, na yanadai kwamba umbo linaloifanya ifae kwa neno moja la bango ndilo linaloifanya isifae kwa sentensi ya Kiswahili.

Impact ilichorwa na Geoffrey Lee na kutolewa mwaka 1965 na Stephenson Blake, kiwanda cha kusubu herufi za chapa mjini Sheffield, Uingereza. Kusudi lilikuwa kuweka wino mwingi kadiri iwezekanavyo katika nafasi finyu. Kwa hiyo mistari ya herufi ni minene, ncha zake hazina vijimkia, na kila herufi imebanwa ubavuni. Kimo cha herufi ndogo kinakaribia kile cha herufi kubwa. B, d na k huchomoza juu kidogo tu, na mikia ya g na p ni mifupi. Mistari ya maandishi huweza kupangwa karibukaribu, na bango likavuta jicho kutoka mbali. Gharama yake ni kwamba uwazi wa ndani wa a na e hubaki ufa mwembamba.

Ufa huo ndio kiini cha tatizo. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, na viambishi hurundikana katika neno moja. Neno *hawatachanjwa* lina herufi 13, tano kati yake zikiwa a. Likikolezwa wino na kusomwa kwa mbali, irabu hizo huwa madoa yanayofanana. Tena ukanushi wote umebebwa na herufi mbili za mwanzo: msomaji akizikosa, anabaki na *watachanjwa*. Katika tangazo la afya, hilo si suala la urembo. Ritifaa nayo ni nyembamba. Ikipotea kati ya herufi nene, *ng'oa* husomeka *ngoa*.

Fonti hii ilienea zaidi Microsoft ilipoijumuisha mwaka 1996 katika mkusanyo wake wa fonti za tovuti. Ndiyo iliyokuja kutawala picha za mzaha mtandaoni, kwa herufi nyeupe zenye ukingo mweusi, kwa kuwa ukingo huo huzitenga na mandhari yoyote. Hapo huifanya kazi yake vizuri. Lakini kwa kuwa imo tayari katika kompyuta nyingi za ofisi, huteuliwa pia, pengine kwa mazoea tu, kubeba aya nzima za maelekezo.

Morris Fuller Benton, mchoraji wa Marekani, alikuwa ametoa njia nyingine mwaka 1903: Alternate Gothic yake ilikuwa na upana wa aina tatu, mpangaji achague unaolingana na urefu wa neno. Kwa matangazo ya umma tunapendekeza Impact iishie kwenye kichwa cha maneno mawili au matatu, maelekezo yaandikwe kwa fonti pana zaidi, na nakala ya majaribio isomwe kutoka umbali atakaosimama msomaji kabla ya kupelekwa mtamboni.