KENGELE YA MOTO NDANI YA NDEGE: TUFANYE NINI?



Katika mafunzo ya safari kwa familia zinazokwenda nchi ya tatu, mama mmoja aliuliza: "Mwanangu, kengele ya moto ikilia tukiwa ndani ya ndege, nitakimbilia wapi?" Watu walicheka, lakini swali lake ni la maana. Wengi wetu tutapanda ndege kwa mara ya kwanza, kwa hiyo ni vizuri tujue mapema.

Kengele hulia kwa sababu gani?

Kwenye injini za ndege kuna nyaya zinazohisi joto. Chooni na katika sehemu ya mizigo kuna vifaa vinavyohisi moshi. Mara nyingine vifaa hivi hudanganyika. Vumbi, mvuke wa maji au manukato yaliyopulizwa chooni yanaweza kuhesabiwa kuwa moshi. Hitilafu ya waya inaweza kuwasha taa ya moto pasipo moto.

Lakini rubani akiwa angani hawezi kutoka nje kwenda kutazama injini. Hivyo hulichukua kila onyo kuwa la kweli mpaka lithibitishwe kuwa si kweli. Hata sisi hufanya hivyo. Jirani akipiga kelele "Moto!" usiku, wote tunatoka, hata kama baadaye tunakuta ni sufuria ya maharagwe imeungua.

Kuchelewa ni hatari

Tarehe 19 Agosti 1980 ndege moja iliondoka Riyadh, Saudi Arabia. Onyo la moshi wa sehemu ya mizigo lilitokea dakika chache baadaye. Marubani walitumia muda kuhakikisha kama ni kweli, kisha wakarudi. Ndege ilitua salama, lakini haikusimama mara moja, na watu hawakutolewa. Milango ilifunguliwa kutoka nje zaidi ya dakika 20 baada ya injini kuzimwa. Watu wote 301 walikufa.

Fujo nayo ni hatari

Mwezi wa Julai 2025, huko Palma, Hispania, taa ya moto iliwaka katika ndege iliyokuwa tayari kuruka. Abiria walitolewa, na wengine waliruka chini kutoka kwenye bawa. Moto haukuwapo, lakini watu 18 walihitaji matibabu. Ndiyo maana tunasema: tusipuuze kengele, wala tusikimbie ovyo.

Mambo ya kukumbuka

1. Ukikaa, tazama mlango wa dharura ulio karibu, mbele na nyuma yako. Hesabu viti mpaka hapo, maana kwenye moshi hutaona, utapapasa.

2. Jifunze kufungua mkanda. Kibati cha juu huinuliwa.

3. Kengele ikilia, kaa kwenye kiti na sikiliza wahudumu. Mara nyingi watu hawatolewi. Ndege hutua tu ikakaguliwa. Kama hujui lugha yao, fuata ishara za mikono yao.

4. Usifungue mlango mwenyewe. Huenda moto uko upande huo.

5. Ukiambiwa utoke, vua viatu vya visigino virefu. Mtoto mdogo mshike kifuani. Nje ya mlango hujaa hewa mfuko mkubwa wa mpira kama mteremko. Ruka juu yake ukiwa umekaa, teleza, kisha ondoka mbali na ndege.

6. Kukiwa na moshi, inama na ufunike pua kwa nguo.

7. Acha mzigo.

Jambo hili la saba ndilo gumu kwetu. Tulipokimbia vita, aliyebeba furushi ndiye aliyepata cha kulalia. Tena katika safari hii mfuko wa mkononi una karatasi zetu zote, na tumezingoja miaka. Lakini ndege kubwa hupimwa kwanza kama watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Anayesimama kuchukua mfuko anawazuia walio nyuma yake, pengine ni watoto wake mwenyewe.

Tarehe 2 Januari 2024, huko Tokyo, Japani, ndege ya abiria iligongana na ndege ndogo ilipokuwa inatua, ikawaka moto. Milango 3 tu kati ya 8 ndiyo iliyotumika. Abiria waliwasikiliza wahudumu na kuacha mizigo yao. Watu wote 379 waliokuwa ndani ya ndege hiyo walitoka hai. Katika ile ndogo, watu 5 kati ya 6 walikufa.

Karatasi zikiungua, zitaombwa tena, hata kama ni kwa taabu. Mtoto haombwi tena ofisini.

Mwenye swali na afike kwetu, wafanyakazi wa jamii wa zoni yake. Tunayo mikanda miwili ya mfano. Njoo na watoto mjaribu kufunga na kufungua.