Mawasiliano Yanapokatika Angani: Dhana Tatu, Istilahi Tatu

Wafasiri wa habari hukutana mara kwa mara na taarifa ya kwamba rubani fulani hasikilizani tena na waongoza ndege. Taarifa hiyo huletwa katika Kiswahili kwa namna mbalimbali: "ndege imepoteza mawasiliano", "ndege imetoweka", "ndege imepotea". Msomaji aweza kudhani kuwa semi hizi ni visawe. Sivyo. Kwa jamaa wa abiria aliyeketi karibu na redio akingoja habari, tofauti baina yake si ya mtindo wa lugha tu, bali ni tofauti baina ya matumaini na msiba. Makala haya yanakusudia kuzichambua dhana zinazohusika na kupendekeza istilahi ya kila moja.

1. Kuharibika kwa redio

Dhana hii yahusu chombo. Redio ya ndege yaweza kukosa umeme, au kitufe cha kipaza sauti chaweza kukwama. Ndege yenyewe huendelea kuruka, kwa maana si redio inayoibeba hewani. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) limeweka taratibu za hali hiyo. Rubani huweka tarakimu 7600 katika transponda, yaani chombo cha ndege kinachoijibu rada, na mwongoza ndege huiona alama hiyo katika kioo chake. Tarakimu 7500 ni ya utekaji nyara na 7700 ni ya hatari. Kwa hiyo mfasiri asizichanganye.

Hewa ikiwa nyeupe, rubani huendelea kuruka kwa kuona nje, hutua katika kiwanja cha karibu kinachofaa, kisha hutoa taarifa ya kufika kwake kwa njia iliyo ya haraka. Mnara humwongoza kwa taa. Taa ya kijani inayowaka mfululizo ni ruhusa ya kutua. Nyekundu inayowaka mfululizo humwamuru apishe ndege nyingine na aendelee kuzunguka. Nyekundu inayowaka na kuzimika humwambia kuwa kiwanja si salama, asitue. Naye hujibu kwa kutikisa mabawa wakati wa mchana, na usiku kwa kuwasha na kuzima taa zake mara mbili.

2. Kukatika kwa mawasiliano

Hapa redio yaweza kuwa nzima kabisa. Tarehe 21 Oktoba 2009, ndege ya Northwest iliyokuwa na abiria 144 kutoka San Diego iliupita mji wa Minneapolis, ulioko Marekani, kwa zaidi ya kilomita 160. Kwa zaidi ya saa moja haikujibu wito wowote. Uchunguzi ulionyesha kuwa marubani walikuwa wameshughulika na kompyuta zao. Ndege ilitua salama, nao wakanyang'anywa leseni.

Kimya kama hicho kilikuwa na maana nyingine tarehe 14 Agosti 2005, wakati ndege ya Helios iliyotoka Larnaca, Kupro, ilipoacha kujibu. Marubani wa kijeshi wa Ugiriki walioifuata waliona kiti cha nahodha ki kitupu na rubani msaidizi ameinama bila fahamu. Shinikizo la hewa ndani ya ndege lilikuwa halikurekebishwa. Watu wote 121 walikufa.

Istilahi "kukatika kwa mawasiliano" yafaa kwa matukio yote mawili kwa sababu inasema jambo moja tu: pande mbili hazisikilizani. Haitaji sababu, wala haitabiri mwisho. Usemi "ndege imepoteza mawasiliano" hauna sifa hiyo. Mawasiliano ni ya watu wawili. Hayamo mfukoni mwa mmoja hata ayapoteze. Katika Kiswahili mawasiliano hukatika, kama simu na kama kamba.

3. Kupotea kwa ndege

Istilahi hii itumike pale tu ambapo mahali ilipo ndege hapajulikani. Ndege ya Malaysia MH370, iliyokuwa na watu 239, ilikata mawasiliano tarehe 8 Machi 2014, kisha ikatoweka katika rada. Hiyo ilipotea. Kipande cha bawa lake kiliokotwa kisiwani Pemba mwezi Juni 2016, na wachunguzi wakathibitisha kuwa ni chake.

Baina ya dhana ya pili na ya tatu, waongoza ndege wana ngazi zao. Habari iliyotarajiwa ikikosekana kwa dakika 30, huingia Hatua ya Shaka. Ulizo likikosa jibu, hufuata Hatua ya Tahadhari. Ulizo zaidi likiashiria hatari, au mafuta yakikadiriwa kuwa yamekwisha, hufuata Hatua ya Dhiki. Mfasiri asiiruke hata ngazi moja.

4. Maneno mawili ya kuangaliwa

La kwanza ni "masafa". Neno hili hutumika kwa mawimbi ya redio na pia kwa urefu wa njia, na habari za ndege huwa na yote mawili. Tunapendekeza "masafa ya redio" kwa maana ya kwanza na "umbali" kwa ya pili. La pili ni tendo la rubani asiyesikia jibu lakini anaendelea kusema, kwa kuwa huenda anasikika. Kiingereza huliita kwa neno la upofu. Kulitafsiri neno kwa neno kutamfanya msomaji amdhanie rubani kuwa haoni. "Kutangaza bila kungoja jibu" kwatosha.

Huenda ikasemwa kuwa marubani wetu huzungumza na mnara kwa Kiingereza, hivyo istilahi hizi hazina kazi. Hata hivyo abiria, mahakama, Bunge na jamaa wanaongoja husikiliza kwa Kiswahili. Hao ndio walengwa wetu. Wasomaji wenye istilahi bora zaidi wanaombwa wazilete zijadiliwe.